Ndugu yako kakiri kosa mahakamani, sasa anataka kukata rufaa

Oya, kama ndugu yako kasema "ni kweli" pale mahakama ya Kisutu au Kinondoni akafungwa, msikimbilie kusema imeisha. Kwa kawaida aliyekiri mwenyewe anakatia rufaa adhabu tu, yaani imezidi au haiko kisheria. Lakini kuna matundu, na Mahakama Kuu imeyasema tangu 1983: alikiri kimakosa au hakuelewa, kukiri kwenyewe hakueleweki, shtaka halionyeshi kosa lolote, au maelezo aliyoyakubali hayatoshi kumtia hatiani.

Kwa hiyo cha kwanza ombeni nakala ya mwenendo, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani, halafu someni alivyojibu neno kwa neno na kama alisomewa maelezo ya kesi, mara nyingi mchezo wote uko hapo, mtu kajibu "ni kweli ila nilikuwa najitetea" hakimu kaandika kakiri, hicho sio kukiri bwana.

Muda sasa: notisi ya kusema mnataka kukata rufaa ndani ya siku 10, rufaa siku 45, ila siku za kusubiri nakala hazihesabiwi. Yuko gerezani Segerea au Ukonga? Rufaa yake anaipitishia kwa mkuu wa gereza. Mahakama ya Mwanzo ina utaratibu wake, msichanganye.