Mwongozo wa Kuomba Kushiriki Miradi ya Umma ya Nyumba za Gharama Nafuu: Kwa Waendelezaji wa Tanga

Kampuni ya Tanga inayotaka kujenga nyumba za gharama nafuu kwa fedha au ardhi ya umma haina budi kuamua mapema inaingia kama nani. Mkandarasi hujenga kwa malipo na hupatikana kwa zabuni. Mwendelezaji huja na mtaji wake na kubeba hatari ya mradi, mara nyingi kwa ubia na mwenye ardhi kama Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililozindua sera iliyoboreshwa ya ubia mwaka 2022. Kupeleka cheti cha ukandarasi pale panapotakiwa ushahidi wa mtaji ni kupoteza muda wa pande zote mbili.

Anza na usajili wa kampuni BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), unaofanyika kwa mtandao na kuhitaji namba za NIDA na TIN za wakurugenzi. Hakikisha katiba ya kampuni inataja uendelezaji wa milki miongoni mwa shughuli zake, kisha linganisha jina la kampuni, neno kwa neno, katika cheti cha usajili, leseni ya biashara, hati ya TRA ya kuthibitisha ulipaji kodi na taarifa ya benki. Kifupisho kilichopo kwenye karatasi moja na kukosekana kwenye nyingine kinaonekana kitu kidogo, lakini mkaguzi wa nyaraka ana haki ya kukuuliza kama hizo ni kampuni mbili.

Uwezo wa kifedha ndio unaopaswa kukupa kazi kubwa. Andaa hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu), kwa idadi ya miaka iliyotajwa katika tangazo, pamoja na barua ya benki inayoeleza kiasi na masharti ya mkopo. Barua inayosema tu kwamba wewe ni mteja mwema haithibitishi chochote.

Usipokuwa mkandarasi mwenyewe, ambatanisha makubaliano na mkandarasi wa majengo aliyesajiliwa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi). Madaraja ya makandarasi hao ni saba, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi. Angalia pia kama ada ya mwaka ya mkandarasi huyo imelipwa. Mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wawe wamesajiliwa AQRB, bodi inayosajili taaluma hizo mbili.

Kuhusu ardhi, iwe kiwanja kipo Pongwe au katika barabara za namba za Ngamiani, fanya upekuzi wa hati kabla ya kulipa michoro. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, kampuni ambayo wanahisa wake wengi si raia huhesabiwa kuwa mgeni, na hupewa ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu. Kibali cha ujenzi hutolewa na Halmashauri ya Jiji, na mradi mkubwa wa makazi huhitaji cheti cha mazingira kupitia NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira).

Zabuni za ununuzi wa umma huwasilishwa kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS, mwaka 2023. Maombi ya ubia hufuata utaratibu ulioelezwa katika tangazo husika. Asiyeridhika na uamuzi wa zabuni hupeleka malalamiko kwa afisa masuuli wa taasisi iliyotangaza, ndani ya muda wa kisheria, na akiona hakutendewa haki hukata rufaa kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma.