Bango la duka kwa herufi za duara

Fonti za jiometri hazina vikia (vijistari vidogo kwenye ncha za herufi), na O yake inakaribia kuwa duara kamili. Maarufu kuliko zote ni Futura, aliyoichora Paul Renner, ikatolewa Ujerumani mwaka 1927. Za bure ziko pia: Poppins, Montserrat, Jost.

Tuseme unatengeneza bango la "Duka la Dawa" litakalosomwa kutoka ng'ambo ya Barabara ya Digo, Mombasa. Kwa kila mita 3 za umbali, herufi kubwa iwe na kimo cha milimita 25. Msomaji akiwa mita 15, ni milimita 125. Abiria wa matatu inayopita mbio atahitaji zaidi.

Kisha itazame a ndogo. Ya Futura na Jost ni duara na kijiti tu. Kwa mbali kijiti humezwa, na "dawa" ikasomeka "dowo". Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo kosa hili linaharibu bango zima. Chukua Poppins au Montserrat, ambazo a yake ina kikono kilichoinama juu, au andika yote kwa herufi kubwa.

Herufi kubwa nazo zina mtego wake, nao ni nafasi. WA, YA na VYA hazikosekani kwenye bango la Kiswahili, na W au Y ikikaa kando ya A huacha pengo la mshazari. Fonti nzuri huzisogeza yenyewe kwenye kompyuta. Mwenye brashi, au anayebandika stika herufi moja moja, azisogeze kwa mkono. Rula haisaidii hapa. Geuza bango juu chini: ukiwa husomi tena, mapengo utayaona. LA ndiyo sugu, maana miguu yake hugusana kabla pengo la juu halijaisha. Hapo legeza kidogo herufi nyingine zote.

Anayechora kwa mkono asiiamini sana bikari. O iliyokaa sawasawa baina ya mistari miwili huonekana ndogo kuliko H iliyo kando yake. Kwa kimo cha milimita 125, ipitishe mistari kwa milimita 2 juu na 2 chini. Vivyo hivyo kwa T: nguzo ikiwa milimita 20, mlalo uwe 18, la sivyo itaonekana imebeba gogo kichwani.

Neno likizidi ubao, usilibane ubavuni. Nguzo hukonda, milalo hubaki minene, O inakuwa yai. Punguza maneno.

Kwa stika, tumia fonti yenye mistari ya unene wa kati au minene. Mstari mwembamba unapendeza kwenye skrini, lakini una gundi kidogo ya kushika ukuta, na jua na chumvi ya bahari huubandua mapema, kuanzia ncha.

Kabla ya kupeleka faili kwa mpiga chapa, geuza herufi ziwe michoro. Kompyuta isiyo na fonti yako itaweka nyingine kimyakimya, na zile nafasi ulizosogeza zote zitapotea.