Usiingie kwenye maharage yenye umande

Kila msimu wa mvua naitwa kwenye mashamba ya maharage huku Rungwe na Mbeya Vijijini, na swali huwa moja: nipige dawa gani? Maganda yana vidonda, mishipa ya chini ya jani imekuwa myekundu kama tofali, mingine imeshakuwa myeusi. Kabla sijajibu, na mimi huuliza langu: palizi ya pili uliingia shambani saa ngapi? Karibu wote hunijibu kwa fahari: saa 12, hata jua halijatoka. Tumelelewa hivyo. Mkulima hodari anajulikana kwa suruali iliyolowa umande. Kwenye mahindi sina neno. Kwenye maharage, suruali hiyo iliyolowa ndiyo inayosambaza chule.

Chule, ambayo wengine huiita ndui ya maharage, ni ugonjwa wa ukungu, na unapenda hali ya hewa yetu ya baridi na unyevu: unastawi kwenye nyuzi 13 hadi 26 za joto, na hasa zinapokaribia 17. Lishike ganda lililougua, ulitazame kwa karibu. Kidonda kimebonyea, kina ukingo mweusi, na kukiwa na unyevu utaona katikati yake ute wa rangi ya waridi iliyofifia. Ute huo ni vimbegu vya ukungu vilivyoshikana kwa kitu kama gundi. Gundi ikiwa kavu, vimbegu vinabaki palepale. Ikilowa inayeyuka, na chochote kinachopita hapo kinaondoka navyo: kitenge, jembe, mikono, hata mbwa aliyekufuata. Tone la mvua huvirusha hadi mmea wa jirani. Wewe unatembea mstari mzima, halafu unageuka na kuingia mstari wa pili.

Ukitaka kuhakikisha, simama kwenye kona unayoingilia shambani. Mara nyingi ugonjwa umeanzia hapo na kufuata mistari jinsi mlivyopalilia, mpaka pale mlipoishia kwa siku ile. Kosa hili halijulikani kwa sababu dalili hazionekani siku hiyohiyo. Huchukua kama wiki moja. Kufikia hapo umeshasahau palizi, unalaumu mvua, na unakwenda dukani.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimewahi kulifanya mwenyewe. Niliwapeleka wakulima kwenye shamba darasa saa 1 asubuhi ili wawahi kazi zao. Tukaanza na kipande kilichougua, waone dalili, kisha tukaingia kwenye kipande kisicho na ugonjwa wapate kulinganisha. Siku ya nane mwenye shamba aliniita. Njia tuliyopita ilikuwa imejichora kwenye majani, mstari kwa mstari. Nilimwomba radhi mzee yule, na tangu siku hiyo siingii kwenye maharage ya mtu majani yakiwa yamelowa.

Sasa vipimo, na hapa naomba msikadirie. Usitegemee saa ya ukutani. Nenda katikati ya shamba, si pembezoni ambako upepo hukausha mapema. Inama, chukua jani la chini kabisa, libane katikati ya karatasi mbili kavu za daftari huku ukihesabu hadi 10. Fanya hivyo sehemu tano. Karatasi moja tu ikipata doa la maji, toka. Mwezi Machi hadi Mei, siku ya jua, majani ya huku hukauka kwenye saa 4 hivi. Mawingu yakitanda, subiri hata saa 6. Mvua ikinyesha mchana, hesabu inaanza upya, na kama hayakukauka hadi jioni, kesho ipo. Maharage yaliyochanganywa na mahindi huchelewa zaidi, kwa kuwa mahindi huyadondoshea maji na kuyazibia jua. Na wewe uliyemwaga mbegu ovyo bila mistari, shamba lako halikauki sawasawa hata ufanyeje. Sentimita 50 mstari kwa mstari, 20 shimo kwa shimo, mbegu mbili. Tumelisema hili miaka mingi.

Amri hii si ya jembe peke yake. Akina mama, najua majani ya maharage ni mboga, na mboga nzuri ni ya asubuhi. Tengeni mistari michache karibu na nyumba kwa ajili ya mboga, muiache bila dawa, na msitoke hapo kuingia shamba kubwa. Wapiga dawa nao wanakosea: kwa kuwa waliambiwa wapige wakati wa ubaridi, wanaingia na pampu alfajiri. Dawa inapunguzwa nguvu na umande, na miguu inasambaza kile unachotaka kukizuia. Piga majani yakiwa makavu, upepo ukiwa umetulia, na mvua isiwe karibu.

Nikigusia dawa, mankozebu, ile dawa ya ukungu, inakinga, haiponyi. Ganda lenye kidonda halitarudi. Ile ya unga ya asilimia 80 kwa kawaida ni gramu 50 kwenye pampu ya lita 20, yaani gramu 40 kwenye pampu ya lita 16. Kibandiko cha pakiti yako kikisema vingine, fuata kibandiko. Kifuniko cha soda si kipimo! Nimeona watu wawili wa kijiji kimoja wakipima kwa kifuniko, mmoja amekijaza hadi kikafanya kichuguu, mwingine amekifuta kwa kidole. Wakati wa mvua rudia baada ya siku 7 hadi 10, na soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Kutu ya majani, ugonjwa mwingine wa ukungu, husafiri kwa upepo, kwa hiyo kusubiri umande ukauke hakutaizuia peke yake. Mbegu nayo hubeba chule ndani, na kwenye maharage mekundu doa halionekani vizuri; tumia mbegu iliyothibitishwa au ya kuazimiwa ubora (inayozalishwa na wakulima wenyewe chini ya ukaguzi), na usirudishe maharage kwenye shamba lililougua kabla ya misimu miwili au mitatu ya mahindi.

Ukifanikiwa, vidonda vitabaki pale vilipoanzia na maganda ya juu yatakuwa safi.

Linabaki suala la vibarua, na ndilo gumu. Mtu anayelipwa kwa ngwe anataka kumaliza kabla ya jua kali, na ukimwambia aje saa 4 anakwenda kwa jirani. Basi mwambie aje saa 12 kama kawaida, umpe kwanza kazi ya migomba, kahawa au mahindi yaliyo peke yake, na maharage ayaingie baada ya wewe kupima kwa karatasi. Patana naye usiku uliotangulia, si shambani. Kama una mashamba mawili, aanze na lisilo na ugonjwa, lililougua aliguse mwisho, kisha jembe lioshwe kwa maji na sabuni, na nguo zile zifuliwe kabla hazijarudi kwenye maharage.