Somo: Kupanga safari ya Japani mara tu baada ya Golden Week

Wengi wanaotamani kuiona Japani majira ya kuchipua hukimbilia juma la maua ya sakura, mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, wakalipa vyumba kwa bei ya juu na kupiga foleni kila mahali. Ushauri wangu ni kusubiri. Kati ya sikukuu za mwanzo wa Mei na mvua za Juni kuna majuma matatu hivi ambapo msongamano hupungua, hewa inapendeza, na vyumba hupatikana bila kugombaniwa.

Hatua ya 1: Tarehe kwanza, mengine baadaye. Golden Week ni mfululizo wa sikukuu: 29 Aprili, kisha 3, 4 na 5 Mei. Mojawapo ya hizo tatu za Mei ikiangukia Jumapili, tarehe 6 nayo huwa mapumziko. Siku hizo Wajapani wenyewe ndio wanaosafiri, kwa hiyo hakuna ujanja wa kuwakwepa. Fungua kalenda ya mwaka unaosafiri, tafuta siku ya mwisho ya mapumziko pamoja na wikendi iliyogusana nayo, kisha panga kutua siku moja au mbili baadaye.

Mpaka wa upande wa pili ni mvua. Msimu wake, unaoitwa tsuyu, kwa kawaida hufika Kyoto na Tokyo mwanzoni mwa Juni. Okinawa hunyeshewa mapema zaidi, karibu na tarehe 10 Mei, ndiyo maana safari hii siipeleki huko kabisa.

Hatua ya 2: Viza. Kama pasipoti yako inahitaji viza, usilipie tiketi ya ndege isiyorudishiwa pesa kabla ya kuipata. Utatakiwa kuonyesha ratiba ya siku zako zote, mahali utakapolala, na uwezo wa kugharimia safari. Weka nafasi katika hoteli zinazokuruhusu kufuta bila kukatwa, na ratiba iwe ya kweli.

Hatua ya 3: Punguza miji. Tokyo, Kyoto na sehemu moja ya tatu zinatosha kwa siku kumi. Ya tatu ningechagua milima ya Tateyama: barabara yake hupita katikati ya kuta za theluji ambazo mwaka wa theluji nyingi hukaribia mita 20, na njia hiyo bado iko wazi mwezi Mei. Tokyo nayo ina mashindano makubwa ya sumo (mieleka ya Kijapani) katika ukumbi wa Ryogoku Kokugikan, siku 15 kuanzia kwa kawaida Jumapili ya pili ya Mei. Tiketi zake zitafute mapema, maana hizo hazijali kama msimu wa watalii umepita.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya treni. Pasi ya JR (tiketi ya mtalii ya kupanda treni za makampuni ya JR kwa siku kadhaa) ya siku 7 ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Tokyo hadi Kyoto kwa Shinkansen, treni ya mwendo kasi, ni takriban yeni 14,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakufikii hata theluthi mbili za bei hiyo. Kata tiketi moja moja. Sanduku lako likizidi jumla ya sentimita 160 (urefu, upana na kimo), lazima uweke nafasi ya kiti chenye sehemu ya mizigo mikubwa.

Nguo: koti jepesi kwa jioni, na la baridi kama utapanda Tateyama.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kwa hiyo sakura nitaikosa kabisa?*
Tokyo na Kyoto, ndiyo. Kama moyo wako uko kwenye sakura tu, nenda Nemuro, mashariki mwa Hokkaido, ambako huchanua katikati ya Mei. Lakini nakusihi uyaone majani mabichi ya Mei kwenye mahekalu ya Kyoto kabla hujasema umepoteza kitu.

*Nimesikia Kyoto bado hujaa mwezi huo. Ni kweli, ndugu?*
Kweli, dada. Mei na Juni ni miezi ya ziara za shule, na wanafunzi hufika kwa mabasi. Wao huanza baada ya kifungua kinywa, wewe watangulie. Hekalu la Kiyomizu-dera hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na hekalu la Fushimi Inari halifungwi. Tarehe 15 Mei kuna maandamano ya Aoi Matsuri, sherehe ya kitamaduni ya mji huo: panga kuyatazama, au kaa mbali na katikati ya mji siku hiyo.

*Mama yangu anatumia dawa za presha. Atazuiwa uwanja wa ndege?*
Dawa za kawaida za kuandikiwa na daktari, za matumizi yake mwenyewe, zinaruhusiwa hadi za mwezi mmoja bila kibali. Zikizidi, omba kibali kabla ya safari. Zibaki kwenye pakiti zake, na cheti cha daktari awe nacho. Angalieni zaidi dawa za mafua: zenye pseudoephedrine (kemikali ya kuzibua pua) zaidi ya asilimia 10 haziingii Japani, hata kama kwenu zinauzwa bila cheti.