Somo: Kukagua AMX ya 1968–1970 kabla hujatoa hela

Wengi wanaopenda magari ya Kimarekani huanzia Mustang. Mimi nilinaswa na AMX, kigari cha milango miwili na viti viwili kutoka Kenosha, Wisconsin, kazi ya American Motors. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Chrysler mwaka 1987, jina likazikwa. AMX zilitoka 19,134 tu kwa miaka mitatu, kwa hiyo ukikosea kununua, kipuri cha kukuokoa hukipati duka la jirani.

1. Hakikisha ni yenyewe. AMX hii ni Javelin, gari jingine la American Motors, iliyokatwa inchi 12 katikati. Kuanzia 1971 jina lilihamia kwenye Javelin ya viti vinne. Nalo ni gari zuri, ila usililipie bei ya hili. Soma namba ya chasisi, mfano A9M397X: A ni kampuni, 9 ni mwaka 1969, M ni gia nne za mkono, 39 ndiyo AMX, X ni injini ya inchi za ujazo 390, yaani lita 6.4. Muuzaji akiapa kuwa ni 390 ya kiwandani na herufi ya injini si X, mwache aendelee kuapa. Kisha inama na tochi na kitambaa: ujazo umesubiwa ubavuni mwa bloku.

Kile kibati chenye namba kwenye dashibodi ni pambo. Hakilingani na namba ya chasisi, na hakikukusudiwa kulingana.

2. Bodi kwanza, injini baadaye. Hapa ndipo nilipoliwa. Gari langu la kwanza lilikuwa jekundu linang'aa, likiwashwa unasikia kifuani. Nilipofika nyumbani nikafunua kapeti upande wa dereva, bisibisi ikapita sakafu hadi nikaiona zege ya gereji chini. Gari hili halina fremu ya peke yake, bodi ndiyo uti wa mgongo. Kwa hiyo funua makapeti, pitia mbavu za chini kwa nyundo ndogo ukisikiliza, na beba sumaku iliyofungwa kitambaa: isiposhika kwenye bati, chini ya rangi kuna udongo wa kuzibia matundu.

3. Presha ya oili, injini ikiwa ya moto. Usiipime ikiwa baridi, itakudanganya. Pampu ya oili iko ndani ya kava ya taimingi, na kava hiyo ni ya aluminiamu. Ikilika, hata ukiweka gia mpya za pampu presha hairudi. Na mkibadilisha gia ya distribyuta, kile kinachogawa umeme kwenye plagi, badilisheni na mwenzake wa kwenye kemshafti, shafti inayofungua valvu. Mpya na ya zamani zikikutanishwa, hutafunana.

4. Habu za nyuma, yaani vitovu vya magurudumu. Hazikuungana na shafti; zimekaa kwenye ncha iliyochongoka, zikishikwa na kipini na nati. Nati inataka futi-pauni 250 au zaidi. Ikilegea, shafti huzunguka peke yake ndani ya habu na gari haliendi.

5. Mbele. Za 1968 na 1969 zina trunioni juu, kiungo cha zamani cha kushikia gurudumu la mbele, zikikosa grisi hulia kama kitanda cha chuma. Ya 1970 ina boljointi juu na chini, ndiyo ningechagua.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kampuni imekufa, injini nitaitengenezaje?*
Ndugu yangu, injini ndiyo rahisi kuliko vyote. V8 ya 360, ndugu wa 390, iliendelea kufungwa kwenye Jeep Grand Wagoneer hadi 1991, kwa hiyo vipuri vingi vinaingiliana. Kitakachokuliza ni grili na vile vipande vya pambo vya AMX peke yake. Gari likikosa hivyo, punguza bei bila aibu.

*Nimeona ya injini ya 290, bei nafuu. Niiache?*
Usiiache, dada, kama sakafu ni nzima. Ni lita 4.8, na kwenye kona ina raha yake. Wenye 390 watakucheka kwenye barabara iliyonyooka tu.

*Sisi huku Mombasa tunaendesha usukani wa kulia. Ziliwahi kutoka?*
Zilitoka, kaka, lakini Australia: kiwanda cha AMI cha Melbourne kiliunganisha 24 tu. Ukiona mojawapo inauzwa, usiniambie bei. Nitumie picha za sakafu.