Acha kuuliza "umeelewa?"

Kwa wanaosimamia watu, iwe ghala la Kurasini au duka la Kariakoo: ukishatoa maelekezo, usiulize "umeelewa?" Utajibiwa "ndiyo bosi" hata kama mfanyakazi hajashika kitu, maana nani anataka kuonekana mzito wa kuelewa mbele ya wenzake? Uliza "utaanzia wapi?" Akianza kutaja hatua zake, utasikia palipopinda kabla mzigo haujapakiwa kwenye lori silo. Kisha nyamaza, ukimdakia neno, umejijibu mwenyewe. Kwa fundi mzoefu aliyekuzidi umri haifai, ataona unampima. Kwake sema, "Mzee wangu, hii wewe ungeifanyaje?" na uwe tayari kweli kubadilisha mpango. Pakiwa na dharura, toa amri tu.