Jinsi ya kuielewa soca (sio soka ya mpira)

Wengi wetu tukisikia ngoma yoyote ya visiwa vya Karibiani tunasema "reggae hiyo" basi yameisha. Soca ni mziki wa Trinidad, sio reggae, na ukitaka kuijua usianze na hizi za siku hizi, anzia nyuma kidogo.

Kwanza tafuta calypso ya Mighty Sparrow, nyimbo mbili tatu tu zinatosha. Calypso ndo mama mzazi wa soca, mziki wa Trinidad wa maneno, mtu anatoa habari za mjini, anawasema wakubwa, anachamba kwa mafumbo (watu wa taarabu mshanielewa).

Ukishazoea hapo nenda kwa Lord Shorty, na hapa usikimbie. Jina lake Garfield Blackman, mtu wa Lengua, kusini mwa Trinidad, eneo lenye Wahindi wengi, ambao babu zao Waingereza waliwaleta kwa mikataba kufanya kazi kwenye miwa kati ya 1845 na 1917, wakaja na ngoma zao za dholaki. Sasa mwanzoni mwa miaka ya 70 vijana wanahamia reggae, calypso inaonekana ya wazee, Shorty akaona kuliko ife bora aichanganye na midundo ya Kihindi. Sikiliza "Indrani" ya 1973 ala za Kihindi ziko wazi kabisa, watu wakamlalamikia anaharibu calypso, basi kwenye "Endless Vibrations" ya 1974 akaziondoa ala lakini mdundo wake akauficha kwenye dramu, gitaa na besi. Ujanja ule! Yeye mwenyewe aliandika "sokah", wengine wakaona ni kifupi cha soul na calypso, ndo ikabaki soca.

Ukisikiliza vaa earphone, achana na sauti ya muimbaji, tafuta kile chuma kinacholia ting ting bila kupumzika. Kwenye bendi za mtaani huko wanagonga hata dramu za breki za magari.

Kucheza sasa. Anza na miguu, hatua fupi fupi za kuburuza kama unatembea na msafara, wenyewe wanaita chipping, kiuno kitafuata chenyewe na sisi hapo hatuhitaji mwalimu. Anza na groovy soca, iko taratibu. Power soca inafika kama midundo 160 kwa dakika, utakata pumzi. Ukisikia wimbo mzima ni ruka, inua mkono, pepea kitambaa, usilaumu mashairi, hizo zinatungwa kwa ajili ya Carnival, sherehe yao ya mtaani, Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, watu wako barabarani kutwa nzima nani ana muda wa mafumbo?

Ukimaliza mtafute Drupatee Ramgoonai, mwanamama wa Kihindi wa Trinidad, "Chatnee Soca" yake ya 1987. Hapo dholaki imerudi na haijifichi tena.